Pipa la Maji ya Moto na Utunzaji Wake

Wakulima wengi siku hizi wana maji ndani ya nyumba. Tangi limeinuliwa juu ya jukwaa, mabomba yameingizwa jikoni na bafuni, na nje, nyuma ya ukuta, pipa la lita 200 limejengewa meko ya mawe ili maji yapate moto kwa kuni au kwa magunzi. Ni jambo jema. Mama hana haja tena ya kubeba sufuria ya maji yachemkayo kutoka jikoni mpaka bafuni, na vyombo vya maziwa huoshwa vizuri zaidi kwa maji ya moto. Lakini pipa hili halitaki mchezo. Yafaa kwanza kujua jinsi lifanyavyo kazi, kisha msomaji ataweza kutambua mwenyewe kasoro iko wapi.

Maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda juu, na yaliyo baridi hukaa chini. Kwa hiyo bomba la maji baridi litokalo kwenye tangi huingia pipani chini, na bomba la maji ya moto liendalo nyumbani hutoka juu kabisa. Maji baridi yaingiapo huyasukuma ya moto yatoke. Mpango huu una faida moja ambayo watu wengi hawaijui: tangi likikauka, mfereji wa maji ya moto nao hukauka, lakini pipa lenyewe hubaki limejaa, wala moto hauunguzi chuma kitupu. Fundi akikutolea maji ya moto chini ya pipa, mwambie arudie kazi yake kabla hujamlipa.

Bomba la tatu ndilo lenye maneno. Hili ni bomba la hewa. Hutoka juu ya pipa, likapanda wima, na mdomo wake hauna koki wala kifuniko. Sababu yake ni hii: lita 200 za maji baridi zikipashwa mpaka kuchemka huongezeka kiasi cha lita 8, yaani pungufu kidogo ya nusu debe. Lita hizo 8 lazima zipate pa kwenda. Tena maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa kuliko ile ya kwanza zaidi ya mara 1,600. Bati la pipa ni jembamba, halikutengenezwa kuzuia nguvu kama hiyo.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye ng'ombe wa maziwa, bomba lake la hewa lilikuwa likimwaga maji mchana kutwa. Akaona ni hasara, akalizibia gunzi la mahindi. Siku ya pili, moto ulipowaka, gunzi likarushwa juu ya paa. Nilipopita kwake nikamwambia, "Mzee, lile gunzi limekupa habari. Liache bomba wazi." Akanijibu, "Mwanangu, maji hayo nayalipia." Akaenda dukani akanunua kizibo cha chuma, akakikaza kwa spana.

Hata hivyo majuma mawili yalipita salama, kwa kuwa maji yaliyozidi yalirudi kwenye tangi kwa njia ya bomba la maji baridi. Kisha mwanawe akafunga koki ya bomba hilo ili asafishe tangi, akasahau kuifungua. Jioni moto ukawashwa kama kawaida. Pipa halikuwa na njia hata moja. Lilivimba, likapasuka kwenye mshono, na mjukuu aliyekuwa akiota moto hapo kando akaungua mguu mzima. Amepona, lakini kovu analo.

Na kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo mno! Bomba la hewa lilikuwa fupi. Mdomo wake ulikuwa chini ya usawa wa maji ya tangini, na maji hutafuta usawa wake, basi lazima yamwagike. Kipande cha bomba cha futi tatu kingetosha. Sasa bomba lake limepanda likapita tangi, limefungwa kwa waya kwenye nguzo, na mdomo umekunjwa ukaangalia chini ili ndege wasijenge ndani. Ile koki ya maji baridi, mzee ameing'oa mpini.

Mtu akiunguzwa na maji ya moto, mmiminie maji baridi safi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Usimpake samli, wala unga, wala dawa ya meno.

Katika kuchagua pipa, haifai kamwe kutumia lililokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia mimea, hata likioshwa mara kumi. Lililokuwa na petroli ni hatari kwa fundi, kwa maana mvuke wa petroli hubaki ndani ya pipa lionekanalo tupu, na cheche moja ya kuchomelea hulilipua.

Wenye kutumia maji ya kisima kirefu wana adui mwingine, nayo ni chokaa. Maji yakichemka huiacha pipani kama ganda jeupe. Utaijua kwa dalili: kuni nyingi, joto kidogo, na pipa linanguruma kama lina kokoto. Pipa likiwa limepoa, fungua koki ya chini na kuyamwaga maji mpaka yatoke safi. Fanya hivyo kila miezi mitatu. Chunguza hasa mdomo wa bomba la maji baridi, maana chokaa yaweza kuuziba kama koki iliyofungwa. Maji ya mvua hayana taabu hii.

Mfereji ukikohoa, ukatema maji kidogo kisha ukanyamaza, ni hewa iliyoshikwa mahali bomba lilipopinda kama mgongo wa ngamia. Linyoshe lishuke moja kwa moja kutoka pipani mpaka mfereji, ili hewa ipate kurudi juu ikatokee kwenye bomba lake.

Mwisho, mfereji udondokao. Tia ndoo chini yake jioni, uitazame asubuhi. Tone moja kila sekunde laweza kufika karibu debe zima kwa siku. Wengi huukaza mfereji kwa nguvu, na hivyo huzidi kuuharibu. Kitu kilichochakaa ni raba ndogo tu, ambayo huuzwa kwa shilingi chache. Funga maji, ufungue kichwa cha mfereji kwa spana, utoe raba ya zamani, utie mpya yenye ukubwa ule ule. Kipande cha mpira wa baiskeli chaweza kukusaidia siku mbili tatu kwenye mfereji wa maji baridi. Kwenye wa moto hulainika upesi. Ikiwa hata raba mpya haizuii maji, pitisha kidole ndani mahali raba inapokalia. Ukihisi mkwaruzo, kiti chenyewe kimelika, na hapo ndipo umwite fundi.