Matege ya Watoto: Jua na Dagaa



Kila asubuhi ya msimu twatandika majamvi na kuanika karafuu. Lakini mara nyingi mtoto mdogo hubaki chumbani, amefunikwa, mpaka mama arudi shamba. Karafuu zapata jua, mtoto halipati. Hapo ndipo matege yawezapo kuanza.

Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, nayo huuwezesha mwili kupokea kalsiamu, yaani ile chokaa ikazayo mifupa. Ikikosekana mojawapo, mifupa hubaki laini, na miguu hupinda kwa uzito wa mwili. Wala jua peke yake halitoshi. Nigeria ni nchi yenye jua tele, lakini mwaka 1999 madaktari walionyesha kuwa watoto wa huko wenye matege walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa na upungufu.

Tuwatazame wenzetu wa bara. Huko Kamanga, kivukoni ng'ambo ya mji wa Mwanza, na katika fukwe nyingi za Ziwa Victoria, dagaa ni chakula cha kawaida. Huanikwa juani, kisha huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na katika mifupa hiyo mna kalsiamu nyingi. Sisi nasi tunao dagaa wa bahari. Mtoto akitimiza miezi 6, watwangwe wale wasio na chumvi, wachekechwe, watiwe katika uji wake.

Dalili ni hizi: mtoto huchelewa kukaa, kutembea au kuota meno, vifundo vya mikono huvimba, vinundu huonekana mbavuni, huumwa mifupa. Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka 2 ni kawaida, nayo hunyooka. Ikizidi kupinda, au ukipinda mguu mmoja tu, mpelekeni hospitali. Huko hupigwa picha ya mifupa na kupimwa damu. Matege yakitambuliwa mapema, mifupa huweza kunyooka bila kupasuliwa.

Maziwa ya mama ni bora, ila yana vitamini D kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi mbalimbali walishauri mtoto apewe yuniti 400 kila siku katika mwaka wake wa kwanza. Muulizeni daktari kwanza, kwani ikizidi hudhuru.

Basi kesho, majamvi yakitoka, mtoto naye atoke kidogo, mikono na miguu wazi, kabla jua halijawa kali.