Kidonge cha Mara Moja kwa Wiki

Masama, wilayani Hai, kazi za alfajiri ni za mikono: kumkatia ng'ombe wa zizini majani, kumenya ndizi, kuchota maji. Kwa mwenye baridi yabisi, saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Vidole vimekakamaa, ngumi haifungi, na huenda ikapita saa nzima kabla viungo havijalegea. Daktari anahitaji sana kusikia habari hiyo ya asubuhi. Mgonjwa akisema tu "naumwa viungo", ataondoka na dawa ya maumivu.

Wengi huku mlimani Kilimanjaro hulaumu baridi. Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini haileti ugonjwa. Kinga ya mwili ndiyo iliyogeuka, ikaanza kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Utando huvimba, hula gegedu, kisha mfupa. Wanawake hupatwa mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, nao si wazee tu. Mama wa miaka 35 aweza kuupata. Kumwambia huyo kwamba ni uzee ni kumpotezea miezi ya mwanzo, ambayo tiba yake huokoa viungo zaidi. Mfupa ulioliwa haurudi.

Duka la dawa liko karibu kuliko hospitali ya KCMC, na dawa ya prednisoloni hutuliza maumivu haraka. Mwaka 1948 Philip Hench, daktari wa Marekani, aliwapa wagonjwa wake kotisoni, dawa ya jamii hiyo hiyo, na waliokuwa hoi wakatembea. Mwaka 1950 akashiriki Tuzo ya Nobel. Madhara nayo yalionekana upesi. Anayemeza prednisoloni kwa miezi bila kusimamiwa hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na presha, na akiiacha ghafla hujihatarisha.

Dawa inayouzuia ugonjwa wenyewe, na inayoanzwa kwanza mara nyingi, ni methotreksati. Hapa ndipo naona uelewa wa mgonjwa ni suala la uhai. Tumezoea bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Methotreksati humezwa siku moja tu kwa wiki. Anayeimeza kila siku aweza kuharibu uboho unaotengeneza damu, na watu wamekufa hivyo. Kuandika bahasha hakutoshi. Mhudumu wa dirishani na aulize: "Mama, hebu niambie, hiki utakimeza siku gani?" Akijibu "Jumapili, nikitoka kanisani", ameelewa. Akisita, aelezwe upya, tena bila kukaripiwa, maana mtu aliyekaripiwa huitikia kwa kichwa akaenda na makosa yake nyumbani.

Yapo mengine ya kumwambia. Kuna asidi ya foliki ya kupunguza madhara, na vipimo vya damu na ini hata akijisikia mzima. Mbege pia itajwe waziwazi, kwa kuwa pombe na dawa hii vyote huelemea ini. Mwanamke anayetaka kushika mimba lazima aseme mapema ili abadilishiwe dawa. Methotreksati hudhuru mtoto tumboni.

Naye mgonjwa ana lake la kusema. Siku ya kliniki abebe dawa zote anazotumia, hata mitishamba, na aeleze asichoweza tena kufanya: kufunga kifungo, kushika jembe, kukamua. Kutokana na hayo daktari hujua kama dozi inatosha.