Vistari vinne vya netiweki, na sauti haisikiki

Wafanyabiashara wetu wa Pwani wanaokwenda Makueni kununua maembe, na Kitui kufuata pojo, ambazo wenyewe kule huziita ndengu, wana lalamiko moja. Lori limeshapakiwa, mkulima hataki liondoke kabla hajaona meseji ya pesa, simu inaonyesha vistari vinne, na pesa haziendi. Ukipiga, sauti inakatika. Wengi husema kampuni inatuibia. Huenda, lakini kwanza tujue vistari vinapima nini. Mimi nilisomea mawasiliano kwa diploma tu, ila hili halihitaji digrii.

Kwenye simu nyingi vistari huonyesha nguvu ya mawimbi, si usafi wake. Nguvu hiyo husomwa kwa desibeli, na kwa kuwa inayofika mfukoni mwako ni kidogo mno, nambari huwa na alama ya kutoa. Kutoa 80 ni nzuri. Kutoa 110 ni ya kuhangaika nayo. Tofauti ya desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Simu nyingi za Android zinakuonyesha: ingia kwenye mipangilio, kisha kuhusu simu, kisha hali ya laini.

Usafi ni jambo jingine. Fikiria maulidi mbili katika mitaa jirani, kila moja na vipaza sauti vyake. Aliyekaa katikati anasikia sauti kubwa wala hashiki neno. Minara ya 4G ndivyo ilivyo, maana minara jirani mara nyingi hutumia masafa yale yale. Mafundi hulinganisha nguvu ya mnara wako na ya minara mingine pamoja na kelele. Wakipata desibeli 20, mambo safi. Ikishuka chini ya sifuri kelele imeshinda, na vistari vinaweza kubaki vinne.

Ukambani utakutana na yote mawili. Bondeni, nyuma ya uwanda wa Yatta unaoandamana na Mto Athi, ardhi yenyewe inaweza kuziba mnara. Juu ya vilima vya Mbooni simu inaweza kuona minara mingi ya mbali kwa mpigo, ikachanganyikiwa. Kwa hivyo kukimbilia kileleni si dawa kila mara. Wakati mwingine kuteremka kidogo hadi kilima kikukinge na minara mingine kunasaidia zaidi.

Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikipima ubora kwa magari yenye vifaa, na katika ripoti zake za miaka ya 2010 kampuni zilitakiwa kufikia asilimia 80. Sawa, lakini gari hufuata barabara. Mkulima wa ndani kabisa kutoka Ikutha halimfikii.

Basi ukilalamika usiandike "netiweki mbaya" ukaishia hapo. Andika kijiji, tarehe, saa, na ile nambari yenye alama ya kutoa. Kama ni kutoa 75 na simu bado inakatika, waambie hivyo hivyo: hapo hawawezi kukujibu kwamba uko mbali na mnara.