Mafuta ya zeituni: Kwa nini mwili hauweki akiba ya antioksidanti zake?

Mtu anapokula mafuta ya zeituni, antioksidanti zilizomo, ikiwemo haidroksitairosoli, hufyonzwa hasa katika utumbo mwembamba. Utumbo na ini huzibadilisha, kisha figo huzitoa kwa mkojo, nyingi ndani ya saa chache. Ndiyo maana manufaa yake hutegemea matumizi ya kila siku.

Tangu 2012, Umoja wa Ulaya huruhusu lebo kudai kuwa mafuta hayo hulinda mafuta yaliyomo katika damu iwapo tu gramu 20, kiwango cha siku, zina angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli na jamii zake.

Usafishaji wa kiwandani huondoa sehemu kubwa ya kemikali hizo. Uchungu na muwasho kooni, ambao wengi hudhani ni kasoro, ni ishara kwamba bado zimo.