Windows 7 Bado Inahitajika: Ununue Prosesa Ipi?

Chukua prosesa mbili za Intel, Core i5-6500 na Core i5-7500. Zote zina viini vinne, zote huingia kwenye soketi ya LGA1151, na kasi ya msingi ni gigahezi 3.2 kwa ile ya kwanza na 3.4 kwa ya pili. Muuzaji atakushauri uchukue i5-7500 kwa kuwa ni mpya zaidi, na kwa wanunuzi wengi ushauri huo ni sahihi. Lakini kama kompyuta yako ni lazima itumie Windows 7, i5-6500 itakufaa na i5-7500 itakusumbua tangu siku ya kwanza.

Wako watu ambao kwao Windows 7 si suala la mazoea. Mwenye karakana ana mashine ya kukata stika ambayo kiwanda hakikuitolea tena draiva mpya. Maabara ina kipimo kinachoelewana na programu moja tu ya zamani. Ofisi ndogo imehifadhi hesabu zake za miaka mingi ndani ya programu ambayo aliyeiandika hapatikani tena. Siku kompyuta yao inapokufa, kuwaambia wahamie mfumo mpya si msaada. Wanataka kujua wanunue nini.

Tatizo haliko kwenye uwezo wa prosesa wa kufuata amri. Prosesa za leo za Intel na AMD bado zinaelewa amri zilezile ambazo Windows 7 iliandikiwa ilipotoka Oktoba 2009. Kinachokwama ni vile vinavyoizunguka: picha, USB, diski na namna kompyuta inavyowaka. Kila kimoja kinahitaji draiva, na draiva huandikwa na kampuni iliyotengeneza kifaa, kama ikiona inafaa. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kuwa prosesa za vizazi vinavyofuata zitahudumiwa kwenye Windows 10 pekee, ikataja Kaby Lake ya Intel, ambayo ni kizazi cha saba, na Bristol Ridge ya AMD. Mwaka 2017 yakaja masasisho yanayokagua prosesa: kompyuta ya Windows 7 yenye prosesa ya kizazi hicho ikakataliwa masasisho mapya. Intel nayo haikutoa draiva rasmi ya Windows 7 kwa ajili ya picha za ndani ya kizazi cha saba.

Kwa hiyo upande wa Intel mpaka uko kwenye kizazi cha sita, Skylake, kilichotoka 2015. Kizazi chenyewe hukitambui kwa maneno i3, i5 au i7. Tazama tarakimu zinazofuata: i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-6500 ya sita, i5-7500 ya saba. Muuzaji akikujibu tu kwamba “ni Core i7”, bado hujaambiwa kitu.

Hata hicho kizazi cha sita kina mtego ambao umewasumbua mafundi wengi. Mbao mama zilizotangulia zilikuwa na kidhibiti cha USB 2.0 kiitwacho EHCI, ambacho Windows 7 inakifahamu. Kwenye mbao za kizazi cha sita Intel ilikiondoa, ikabaki na xHCI, cha USB 3.0, na diski ya kusakinisha Windows 7 haina draiva yake. Matokeo yake yanachanganya kweli. Kibodi inafanya kazi vizuri ndani ya BIOS, usakinishaji unaanza, linatokea dirisha la kuchagua lugha, halafu kibodi na kipanya vinakufa. Anayetumia flashi huambiwa kuwa draiva ya CD au DVD inakosekana, ingawa kompyuta yenyewe haina hata sehemu ya kuwekea CD. Fundi asiyejua chanzo hubadilisha flashi, kisha kibodi, kisha anasema ubao mama ni mbovu. Ubao ni mzima. Dawa ni kutumia kibodi yenye plagi ya duara ya PS/2, kama tundu lake lipo, au kuingiza draiva za USB 3.0 ndani ya faili za usakinishaji kabla ya kuanza.

Kuhusu diski, nunua SSD ya SATA. Zile za NVMe Windows 7 haizitambui bila kuongezewa sasisho maalumu, na kwa kazi tunazozizungumzia hapa kasi ya ziada haina faida kubwa. Ndani ya BIOS zima Secure Boot na uwashe CSM, hali inayoruhusu kuwasha mifumo ya zamani. Mbao nyingi mpya zimeachana na CSM, na hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua kompyuta ya mwaka huu kwa ajili ya mfumo wa 2009.

Kwa AMD, Ryzen za kwanza za 2017 zinaweza kuendesha Windows 7, na AMD ilitoa draiva za ubao mama. Nyingi kati ya hizo hazina picha za ndani, kwa hiyo utahitaji kadi ya picha yenye draiva ya Windows 7. Inawezekana, ila ni kazi ya fundi mzoefu.

Ushauri wangu ni kizazi cha nne, Haswell. Kina EHCI, kina draiva kamili za picha, na i5-4590 au i7-4790 ina nguvu za kutosha kwa karakana, maabara au ofisi ya hesabu. Utazikuta ndani ya Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, kompyuta za ofisi zinazouzwa kama mitumba. Kizazi cha sita nenda nacho kama hicho cha nne hukipati. Na kama tayari umenunua kompyuta yenye i5-7500, usiitupe: mara nyingi ubao uleule hupokea i5-6500.

Kabla ya kulipa, uliza draiva ya mashine yako ni ya biti 32 au 64. Draiva ya biti 32 inataka Windows ya biti 32, na hiyo haitumii ramu zaidi ya GB 4, hata ukiweka 16.

Kama shida ni programu tu, bila kifaa cha pekee kilichounganishwa, nunua kompyuta mpya kabisa na uendeshe Windows 7 ndani yake kama mashine pepe. Njia hii ni bora kuliko kusaka prosesa ya zamani.

Huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na toleo la mwisho la Chrome kwa mfumo huo ni la 109. Kompyuta ya Windows 7 usiiunganishe na intaneti; barua pepe na benki zifanyie kwenye nyingine. Na ikiwa ile ya zamani bado inawaka, hata kwa kusuasua, nakili diski yake yote leo, kabla hujaenda dukani.