Leja pacha ya benki: ya pili iko nyuma kwa muda gani?

Mfanyabiashara anayepitisha mahindi Sirari, mnunuzi wa ng'ombe Mugumu na muuza dhahabu wa Nyamongo wana jambo moja linalofanana. Sehemu ya mtaji wao haiko sandukuni. Ni tarakimu tu katika mitambo ya benki au kampuni ya simu, mbali na wilaya za Tarime na Serengeti.

Mtambo huo ukiungua au kuharibika, kinachookoa salio ni mtambo wa pili uliowekwa mahali pengine, ambao hupokea nakala ya kila muamala. Wateja wengi huridhika kusikia kwamba nakala ipo. Swali la maana zaidi ni hili: iko nyuma kwa muda gani?

Kuna njia mbili za kunakili. Katika ya kwanza, muamala haukubaliwi mpaka mitambo yote miwili iwe imeuandika. Hakuna kinachopotea, lakini kila muamala hulazimika kusubiri. Mitambo ikitengana kwa kilomita 1,000 za mkongo, mwanga peke yake huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kwenda na kurudi. Kwa mtambo wenye shughuli nyingi huo ni mzigo, ndiyo maana njia hii hutumika zaidi kwa umbali mfupi.

Katika ya pili, muamala hukubaliwa kwanza na nakala hufuata baadaye. Huduma huwa ya haraka, ila pengo hubaki. Mathalani, mtambo ukipokea miamala 40 kwa dakika na nakala ikawa nyuma kwa dakika 15, miamala 600 haijafika upande wa pili. Mtambo mkuu ukifa saa hiyo, miamala hiyo iko hatarini.

Pengo hilo hupanda na kushuka kama bei ya sokoni. Miamala ikiongezeka na njia ikawa nyembamba, foleni hurefuka. Njia ikikatika, foleni huweza kujaa, unakili ukasimama na kazi ya kulinganisha mitambo ikaanza upya. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Nakala inayotegemea njia moja tu husimama pamoja na njia hiyo.

Kurejea nako kuna gharama. Oktoba 2018 mawasiliano ya kampuni ya GitHub ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43 tu. Kila upande ukabaki na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo, na huduma ikayumba kwa zaidi ya saa 24.

Aidha, nakala pacha si akiba. Kosa likifanyika upande mmoja hunakiliwa upande wa pili. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akihangaika na nakala iliyokwama, alifuta hifadhidata kuu kwa makosa. Njia kadhaa za akiba zilikutwa hazifanyi kazi, na data ya takriban saa 6 ikapotea.

Kwa hiyo mafundi hupaswa kupima pengo kila wakati na kupiga kengele likizidi kiwango, kulinganisha nakala mbili, kutunza akiba ya kando, na kuhamishia kazi mtambo wa pili kwa majaribio kabla ya siku ya balaa.

Kwa mwekezaji mdogo, hili linahusu gawio. NMB iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, CRDB 2009 na Vodacom Tanzania 2017. Mwenye hisa ana nafasi ya kuuliza katika mkutano mkuu: jaribio la mwisho lilifanyika lini, na pengo lililokubaliwa ni dakika ngapi?

Kwa mfanyabiashara, kinga ni nyepesi: atunze risiti na ujumbe wa simu mpaka muamala uonekane katika taarifa ya akaunti. Mitambo miwili ikibishana, karatasi hiyo ndiyo nakala ya tatu.