Ngarenanyuki: upande wa pili wa Mlima Meru

Wadau, sisi wa Kisongo Mlima Meru tunaujua kwa upande mmoja tu. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu unauona umesimama pale, unasema leo kweupe, unapanda daladala yako. Leo naomba niwapeleke nyuma yake, Ngarenanyuki.

Unashika gari la Usa River, halafu barabara inaingia kushoto na kupita ndani kabisa ya Hifadhi ya Arusha, kwa hiyo twiga utawaona bure ukiwa kwenye basi. Ukitokea upande wa Momela utashangaa: mlima ule wenye mita 4,566 hauna ukuta wa mashariki! Ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, mawe na matope yakaporomoka mpaka yalipo maziwa ya Momela. Mara ya mwisho ulitema moto mwaka 1910, tena kidogo tu.

Mvua inakuja na upepo wa kusini mashariki, inaishia Poli, Akeri na Nkoaranga. Ngarenanyuki inabaki kavu kama huku kwetu. Nyanya na vitunguu vyao ni vya mifereji.

Sasa sehemu kavu hivyo watu waliigombania ya nini?

Jibu ni ramani. Tangu Wajerumani, masetla walipewa mashamba kuzunguka mlima. Juu msitu wa serikali, chini wazungu, Wameru wamebanwa katikati kama nyama ya sambusa. Watu wanaongezeka, ng'ombe wanaongezeka, wataenda wapi? Ngarenanyuki ndiyo ilikuwa mlango pekee wa kupumulia. Halafu tume ya Jaji Mark Wilson, 1947, ikapendekeza eneo lile wapewe wazungu wafuge ng'ombe.

Novemba 1951 polisi wakaingia. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa moto, wakaambiwa waende King'ori. Wengi walikataa kwenda.

Hapa ndipo Wameru walipotumia akili. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, Mwingereza alikuwa mdhamini tu chini ya Umoja wa Mataifa. Wakasema basi tutamshtaki kwa tajiri yake. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Mwalimu Nyerere alikuja kusimama kule mwaka 1955, yaani miaka mitatu baadaye.

Kura hazikutosha, ilitakiwa theluthi mbili. Lakini kesi ilisikika dunia nzima, na TANU ilipozaliwa 1954 Wameru walishajua siasa. Mpango wa wazungu ulikufa, na leo wenye mashamba kule ni wajukuu wa waliochomewa nyumba.

Nikirudi kwenye maji. Jina lenyewe ni la Kimasai, maana yake maji mekundu. Ila tatizo siyo rangi, ni floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, baadhi ya vyanzo vya kule vinazidi hapo zaidi ya mara kumi. Ndiyo meno ya kahawia hayo, na wengine mifupa inapinda. Wa Arusha tunajuana, kuna dada zetu hawacheki bila kuziba mdomo na mkono. Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka kwenye fizi, ndiyo maana mgeni aliyehamia kule mtu mzima meno yake yanabaki meupe, mwanawe anayezaliwa pale ndiye anayepata.

Pale Ngurdoto kuna kituo kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na inafanya kazi, ila mkaa ukichoka lazima ubadilishwe. Na wale mnaosema wachemshe tu, hapana. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki vilevile.